Sura ya Saba: Nyuma ya Mlango

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mwendo wa saa tisa, katika nyumba ya ghorofa ndani ya mtaa wenye ukuta na walinzi huko Pretoria, mwanamume mmoja alichukua bastola ya milimita 9 kutoka chini ya kitanda, akapita kwenye ujia mfupi hadi bafuni, akafyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Alikuwa Oscar Pistorius, mwanariadha aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa mtoto wa miezi 11, na ambaye miezi sita tu nyuma yake alikuwa amekimbia kwenye Olimpiki ya London. Ndani ya choo kile alikuwamo mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Risasi tatu zilimpata, akafa.

Kwenye magazeti kesi ile ilikuwa hadithi ya mapenzi na umaarufu. Mimi naiweka katika sura hii kwa sababu nyingine. Utetezi wa Pistorius ulikuwa ni ule ule ambao mwenye nyumba yeyote, Tandika jijini Dar es Salaam au Kayole jijini Nairobi, angeutoa: nilisikia dirisha la bafuni likifunguka, nikadhani ameingia jambazi, nikaogopa, nikapiga. Upande wa mashtaka ulidai kwamba wawili hao waligombana na kwamba alijua anayempiga ni nani. Hebu tuyaache madai hayo kando, tumchukulie mshtakiwa kwa maneno yake mwenyewe. Tuseme kweli aliamini kwamba nyuma ya mlango ule kuna mwizi. Je, alikuwa na haki ya kufyatua?

Jaji Thokozile Masipa, aliyeisikiliza kesi hiyo mwaka 2014 akisaidiwa na wazee wawili wa baraza, alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kwa maelezo yake, mshtakiwa alidhani Reeva yuko kitandani, kwa hiyo hakuweza kuona mbele kwamba angemuua. Akafungwa miaka mitano. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na tarehe 3 Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa, Bloemfontein, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Eric Leach, ikasema Jaji Masipa alijiuliza swali ambalo siyo. Haikuwa na maana ni nani aliyekuwa chooni. Palikuwa na binadamu. Choo kile kilikuwa kidogo kiasi kwamba aliyemo hakuwa na pa kujibanza, na mtu anayepeleka risasi nne humo anajua kuwa huenda aliyemo akafa, awe mpenzi, awe mwizi, awe mtoto wa jirani. Jaji Leach alifananisha hali hiyo na mtu anayelipua bomu hadharani bila kujua majina ya watakaokufa. Hatia ikageuzwa kuwa ya mauaji.

Soma tena hapo. Mahakama haikusema, "Umeua kwa sababu alikuwa Reeva." Ilisema kwamba hata angekuwa mwizi kweli, bado ungekuwa muuaji, kwa kuwa hukumwona, hukujua kama ana silaha, hakukujia, hukupiga risasi ya onyo, na mlango ulikuwa umefungwa. Hofu ilikuwapo. Hatari haikuonyeshwa.

Katika kesi ile kulikuwa na ushahidi mmoja ambao watu wengi waliupita, nami nauona wa thamani kuliko mabishano yote ya mapicha na vipimo vya damu. Mfanyabiashara wa silaha alieleza mahakamani jinsi Pistorius alivyojibu mtihani wa maandishi wa kumiliki bunduki. Mtihani ule uliuliza: umewakuta watu wanaiba nyumbani kwako, kati yako na wao kuna geti la chuma, je, unaruhusiwa kuua? Alijibu hapana. Na wakivuka geti wakakujia na silaha? Hapo alijibu ndiyo. Kwa hiyo kanuni aliijua. Mwaka 2016 alipewa kifungo cha miaka sita, mwaka uliofuata kikapandishwa hadi miaka 13 na miezi mitano, na Januari 2024 akatoka kwa msamaha wa masharti.

Kanuni hiyo ya geti ndiyo ninayoitetea katika sura hii. Nyumba yako inakupa haki ya kutokimbia, inakupa haki ya kumzuia mtu asiingie na kumtoa aliyeingia. Ruhusa ya kumuua haitoki kwenye kuta wala kwenye hati ya kiwanja. Inatoka kwa yule aliye mbele yako: anafanya nini sasa hivi, na utapatwa na nini usipomzuia.

Najua Mbagala si mtaa wenye ukuta wa Pretoria. Waliopitia vipindi vya Panya Road jijini Dar es Salaam, kundi la vijana wakiingia nyumba kwa nyumba na mapanga, hawahitaji kuelezwa hofu ni nini. Kituo cha polisi kiko mbali, simu haipokelewi, na nyumba ni vyumba viwili vyenye watoto watano. Mtu wa hali hiyo akisikia nondo za dirisha zinang'olewa hana ghorofa ya kukimbilia wala mlinzi wa kumpigia kengele. Sheria haimwambii asubiri akatwe kwanza. Inachomtaka ni kwamba hatari yake iwe ya kweli, au angalau iwe imeaminiwa kwa sababu za kueleweka.

Tanzania imeyaandika mambo haya kwa urefu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na ndugu zake 18A, 18B na 18C, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake, kulinda mali yake na hata mali ya wengine. Humo imetajwa mpaka mali ya chama cha ushirika na ya kijiji. Kisha inaweka kipimo: utumie nguvu ya kadiri inayohitajika kwa ulinzi huo, basi. Ukizidisha, unawajibika kwa ulichozidisha, na kama kuzidisha huko kumeua mtu, kosa lako ni kuua bila kukusudia.

Ni wapi basi mtu anaweza kuua na asiwe na kosa lolote? Kifungu cha 18C kinataja hali zenyewe. Shambulio linaloleta hofu ya haki ya kifo, au ya majeraha makubwa. Ubakaji. Utekaji. Halafu inakuja sehemu inayomhusu mwenye nyumba moja kwa moja: kuvunja nyumba usiku, unyang'anyi, kuchoma moto nyumba. Wasomaji wengi huishia hapo, wakafunga kitabu wakiamini kwamba aliyevunja nyumba usiku ni halali kuuawa. Sentensi haijaisha. Inaendelea kusema kwamba mazingira yawe ya kuleta hofu ya haki kuwa mali hiyo isipolindwa, mtu atakufa au ataumizwa vibaya. Kwa hiyo hata pale sheria inapozungumzia mali, macho yake yako kwenye mwili wa mtu. Na wizi wa kawaida, wa kuku bandani au wa nguo kwenye kamba, haumo kabisa katika orodha.

Kenya ilichukua njia nyingine. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu yake ni sentensi moja tu, inayosema kuwa nguvu zinazotumika kulinda mtu au mali zitapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Kiingereza. Ukiifuata sentensi hiyo unafika kwenye kesi ya Palmer, iliyotoka Jamaica na kuamuliwa London mwaka 1970 na Baraza la Faragha la Malkia (Privy Council). Lord Morris alisema pale maneno ambayo mahakama za Nairobi zinayarudia mpaka leo. Kwa ufupi: aliyevamiwa hawezi kupima kipigo chake kwa mizani ya sonara, na kama katika dakika ile ya taharuki alifanya alichoona kwa moyo mweupe kuwa ni lazima, huo wenyewe ni ushahidi mzito kwamba nguvu yake ilikuwa ya haki.

Lakini kesi hiyo hiyo ya Palmer ina upande mkali. Kwa Waingereza, kujilinda ni ama kunasimama ama kunaanguka. Kukisimama, unakwenda nyumbani. Kukianguka kwa sababu ulizidisha, umeua kwa kukusudia, hakuna kituo cha katikati. Afrika Mashariki ilikuwa imeshajenga kituo hicho zamani. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua katika kesi ya Ngoilale kwamba anayezidisha nguvu katika kujilinda au kulinda mali anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji. Kenya ikaendelea kuutambua msimamo huo hata baada ya Palmer, kama ilivyoonekana katika kesi ya Mungai ya mwaka 1984, japo si kila anayezidisha anaupata. Tanzania imeuweka ndani ya kifungu chenyewe. Kwa maoni yangu hapa majaji wa huku waliwapita wa kule kwa busara. Mtu aliyeamshwa na mlango unaovunjwa akapiga mara moja zaidi ya ilivyohitajika hafanani na mtu aliyekaa wiki nzima akipanga kuua.

Na je, ukikosea mtu? Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba 1992, mjini Baton Rouge, jimbo la Louisiana, mwanafunzi Mjapani wa miaka 16 alikuwa anakwenda kwenye sherehe ya watoto na vijana wanaovaa mavazi ya mizaha. Akagonga nyumba ambayo siyo. Mwenye nyumba alitoka na bastola, akamwamuru asimame. Kijana, ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, aliendelea kusogea, akapigwa risasi kifuani. Baraza la wananchi la mahakama ya jinai lilimwachia mwenye nyumba baada ya kujadiliana kwa saa chache. Wazazi walipofungua madai, mahakama ikawapa fidia ya zaidi ya dola 650,000. Mauti yale yale, mwenye nyumba yule yule, majibu mawili.

Kwetu kosa la namna hiyo linapimwa kwa kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 10 cha Kenya: imani yako potofu itakuokoa ikiwa ilikuwa ya kweli moyoni na pia ya kueleweka kwa mtu mwenye akili timamu. Kuamini tu hakutoshi. Jaji atauliza kama taa ilikuwapo ukaacha kuiwasha, kama uliita "nani?" ukangoja jibu, kama ulihesabu watu wa nyumbani kwako wako wapi. Mwana aliyechelewa kurudi akaruka ukuta asimwamshe baba, jirani mlevi aliyekosea mlango, mgonjwa wa akili aliyepotea njia: hao nao hukutwa gizani, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuua.

Giza lenyewe lina historia ndefu katika sheria. Katika Kutoka sura ya 22, Torati inatofautisha mwizi anayepigwa akivunja nyumba usiku, ambaye damu yake haina mdai, na yule aliyepigwa jua likiwa limechomoza, ambaye damu yake inadaiwa. Ni sheria ya wafugaji na wakulima wa kale, lakini hoja iliyomo ni ya mwanasheria mzuri. Usiku huwezi kujua aliyeingia amekuja kuchukua au kuua. Mchana unamwona, unamtambua, unaweza kupiga yowe na watu wakaja. Kanuni ya Adhabu ya Kenya imefika mpaka kwenye dakika: usiku unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kwisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kuvunja nyumba katika saa hizo kunapandisha kifungo kutoka miaka saba hadi kumi.

Na pwani yetu ina kipimo chake kilichosomeshwa misikitini kabla ya Mwingereza kuleta kanuni yoyote. Katika madhehebu ya Shafii, mlango wa kumzuia mvamizi unakwenda kwa daraja. Akizuilika kwa maneno, haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, haramu fimbo. Akizuilika kwa kukatwa kiungo, haramu kumuua. Anayeruka daraja bila dharura anadaiwa. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa Lamu na Zanzibar wamekisomesha kwa vizazi, anasema pia jambo ambalo wenye mali hawalipendi sana: si wajibu kulinda mali isiyo na roho. Unaruhusiwa, hulazimiki. Kulinda heshima ya watu wa nyumbani ni wajibu. Ni sheria moja, yenye sauti mbili kwa vitu viwili, na ukilinganisha na kifungu cha 18C utaona vimefika mahali pamoja kwa barabara tofauti.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, mwizi anayekimbia.

Hapa ndipo watu wema wanapokosea, tena kwa wingi. Mwizi ameingia, ameshika televisheni, umeamka, ameitupa na kukimbia. Unachukua panga unamfuata. Ukipiga kelele ya "Mwizi!" mtaa mzima unatoka, na baada ya dakika kumi kuna tairi, petroli na maiti. Kesho yake gazeti litaandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ilishuka na mvua na haina mwenyewe. Watu hao watakwambia walikuwa wanajilinda. Wanajilinda na nani? Aliyekuwa hatari alishageuza mgongo mita mia mbili nyuma. Kilichobaki ni adhabu, na kutoa adhabu hakumo ndani ya haki ya kujilinda hata chembe. Raia anaruhusiwa kumkamata na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Basi.

Mkulima Tony Martin wa Norfolk, Uingereza, alijifunza hilo kwa gharama. Agosti 1999, vijana waliingia usiku katika nyumba yake ya shambani, nyumba iliyokwisha kuibiwa kabla. Akawapiga kwa bunduki asiyokuwa na kibali nayo. Mmoja, wa miaka 16, alipigwa mgongoni akafa. Nusu ya Uingereza ilimwona shujaa, lakini baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa mauaji. Mwaka 2001 hatia hiyo ilipunguzwa, ila siyo kwa sababu ya kujilinda. Ilipunguzwa kwa ushahidi kuhusu hali yake ya akili. Hoja ya kujilinda haikumsaidia. Kelele za kisa kile na vingine mfano wake zilichangia Bunge la Uingereza kubadili sheria mwaka 2013, sasa mwenye nyumba anaweza kusamehewa nguvu iliyozidi kiasi, alimradi haikuzidi kupindukia. Msomaji wa Kenya asiiazime haraka. Kifungu cha 17 kinamwelekeza kwenye sheria ya mapokeo ya Kiingereza, siyo kwenye kila sheria inayopitishwa Westminster.

Afrika Kusini ililipeleka suala la mwizi anayekimbia mpaka Mahakama ya Katiba. Baba na mwana, wenye duka la mikate katika mji mdogo wa Eastern Cape, walimpiga risasi mwizi aliyekuwa anatoroka, akafa. Walitaka kujikinga kwa sheria iliyoruhusu kuua katika kumkamata mtuhumiwa. Mwaka 2002, katika kesi ya Walters, Jaji Johann Kriegler aliandika hukumu iliyoibana sheria hiyo. Lengo la kukamata, alisema, ni kumfikisha mtu mahakamani, na anayekimbia bila kutishia uhai wa mtu, wala hatuhumiwi kwa kosa zito la kuumiza watu, hapigwi risasi. Ukikosa kumkamata leo, utamtafuta kesho.

Nashawishika na hoja hiyo kwa hesabu nyepesi. Tanzania, mtu aliyevunja nyumba usiku, akashtakiwa, akasikilizwa, mashahidi wakaletwa, wakili akajibu, anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 20. Hayupo jaji mwenye uwezo wa kumnyonga kwa televisheni. Sasa adhabu ambayo jaji mwenye kanzu na ushahidi wote mezani hawezi kuitoa, inawezaje kutolewa kwa dakika kumi barabarani na watu ambao nusu yao hawajui hata kilichoibiwa? Kwa Kenya hoja yangu inapata ugumu hapa, nakiri: unyang'anyi wa kutumia nguvu bado unabeba hukumu ya kifo katika vitabu vyao. Hata hivyo unyang'anyi huo ni wa mtu mwenye silaha, au aliye na wenzake, au anayeumiza. Kibaka wa simu anayekimbia peke yake hayumo.

Kuna njia moja ya kulinda nyumba ambayo huwa naipinga bila masharti, nayo ni mtego. Mwaka 1967 mahakama ya juu ya Afrika Kusini ilikubaliana na mwenye duka aliyechoshwa na wezi, akafunga bunduki ya kujifyatua ndani ya duka na kubandika tangazo la onyo kwa lugha mbili. Mwizi aliingia akafa. Majaji walisema mali inaweza kulindwa hata kwa kuua pale njia nyingine zimeshindikana. Miaka minne baadaye, 1971, mahakama ya juu ya Iowa, Marekani, ilisema kinyume. Huko mke na mume walikuwa wametega bunduki katika nyumba yao ya shamba isiyokaliwa na mtu. Mume alikuwa ameielekeza tumboni, mke akamsihi aishushe kwenye miguu. Aliyeingia alikuwa anatafuta chupa na mitungi ya kale ya kukusanya, akavunjwa mguu. Wenye nyumba wakaamriwa kulipa dola 30,000.

Mimi niko na Iowa. Mtego hauulizi "nani?" Hauwezi kumtofautisha mwizi na zimamoto, wala na mtoto aliyefuata mpira. Nyumba ambayo hamna mtu ndani yake haina uhai wa kulindwa, na hoja yote ya kuua inakosa pa kusimama. Wale wanaochukua umeme wa nyumbani, wa volti 230, na kuunganisha kwenye geti au nondo za dirisha usiku, wanafanya jambo lile lile. Uzio wa umeme unaouzwa na mafundi wa ulinzi ni kitu kingine: unatoa mshtuko mfupi mfupi wa kufukuza na una kibao cha onyo. Waya uliotoka kwenye soketi unashika na hauachi.

Je, ni lini basi inafaa? Chukua mama mwenye watoto watatu, usiku, mlango umepigwa kwa jiwe ukafunguka, wanaume wawili wameingia, mmoja ana panga. Amepiga kelele, hawakutoka. Mmoja anaelekea kwenye chumba cha watoto. Mama anachukua mchi na kumpiga kichwani, anakufa. Sioni mahakama Afrika Mashariki itakayomfunga mama huyu, wala sioni kwa nini ifanye hivyo. Badili kitu kimoja tu: baada ya pigo la kwanza jamaa ameanguka, panga limeruka mbali, mwenzake amekimbia, na mama anampiga tena mara tano. Sasa tuko kwenye kuua bila kukusudia, na wakili ataomba huruma akieleza hofu na giza. Badili tena: mwizi amefungwa kamba, asubuhi imefika, na mtoto wa kiume anarudi kutoka kazini na kumkata. Hayo ni mauaji, hata kama kijiji kizima kitampigia makofi.

Mahakama inayasoma haya kwenye mambo madogo. Jeraha liko mbele au nyuma? Mwili umekutwa sebuleni au mtaa wa tatu? Mapigo ni mangapi? Uliwapigia simu polisi au balozi wa nyumba kumi saa ngapi, kabla au baada? Na jambo ambalo mwenye nyumba hafikirii hata kidogo: aliyeanguka akiwa bado anapumua ulimfanya nini? Dakika ile aliyokosa nguvu ya kukudhuru, haki yako ya kumpiga imekwisha, amekuwa majeruhi kama majeruhi wengine. Mzuieni damu. Pigeni simu polisi, wamwandikie fomu, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, apelekwe hospitali. Akipona na kufungwa, umelala salama mara mbili.

Kisheria wewe huna mzigo wa kuthibitisha kwamba ulijilinda. Ukishaitaja hoja hiyo na ikawa na mashiko katika ushahidi, ni kazi ya upande wa mashtaka kuivunja. Lakini kabla ya kufika huko kuna mahabusu. Kenya, tangu Katiba ya 2010, hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kupata dhamana isipokuwa pawepo sababu nzito za kumnyima. Tanzania kosa la mauaji halina dhamana. Upelelezi ukichukua mwaka, utakaa mwaka. Ukichukua mitatu, mitatu. Hata aliyejilinda kwa haki kabisa, ambaye mwisho wa safari jaji atamwachia huru, anaweza kuisubiri siku hiyo gerezani. Ndiyo maana wakili anayejua kazi yake hangoji kesi ianze. Anaandika mapema kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, na picha za mlango uliovunjwa na maelezo ya majirani, akiomba jalada lifungwe, au shtaka lisomwe kuwa la kuua bila kukusudia, ambalo dhamana yake inaombeka.